Ngozi ya Mbwa: Lipi Lingoje, Lipi Lipelekwe kwa Daktari

Ngozi ya mbwa ina njia chache za kuonyesha kwamba kuna tatizo: huwasha, huwa nyekundu, hunyonyoka manyoya, hutoa magaga au usaha, huvimba, au hunuka. Maradhi yanayoishambulia ni mengi kuliko dalili hizo, na ndiyo maana mbwa watatu wenye mabaka yanayofanana wanaweza kuwa na magonjwa matatu tofauti kabisa: mmoja ana viroboto, wa pili ana bakteria, wa tatu tezi yake ya shingo imezorota. Hata daktari wa mifugo hawezi kuwatofautisha kwa macho matupu, ndiyo sababu hukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini. Mwenye mbwa hana hadubini wala hahitaji kujua jina la ugonjwa. Analotakiwa kuamua ni jambo dogo zaidi: je, hali hii ni ya kukimbizwa sasa hivi, ya leo, ya wiki hii, au ya kutunzwa nyumbani huku ikiangaliwa?

Wengi hukosea pale wanapopima uzito wa tatizo kwa ubaya wa sura yake. Kipara kikubwa mgongoni mwa mbwa anayekula vizuri kinaweza kungoja siku kadhaa bila madhara, ilhali vitone vyekundu visivyozidi ncha ya sindano, vikitokea tumboni, vinaweza kuwa dalili kwamba damu haigandi. Vipimo vinavyofaa ni hali ya mbwa mzima, kasi ya mabadiliko, umri wake, na kama watu au wanyama wengine wa nyumba hiyo nao wameanza kujikuna. Mbwa mwenye shida ya ngozi anayekula, anayecheza na anayelala usiku ana muda. Mbwa mwenye shida hiyo hiyo aliyeacha chakula na kujilaza hana.

Ili vipimo hivyo vitumike, mbwa lazima aangaliwe, na hapa pana tatizo la mazingira. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mbwa ni mlinzi: hufungiwa kibandani mchana na kufunguliwa usiku, hivyo wenyewe humwona gizani tu. Upele ulioanza kwenye kiwiko hugunduliwa umeshafika kichwani. Dawa yake ni kumtoa kwenye mwanga wa mchana walau mara moja kwa wiki, kupitisha mikono mwili mzima dhidi ya mwelekeo wa manyoya, kisha kutazama mahali panapojificha: ndani ya masikio, kwapani, kinenani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Fizi za mbwa mzima wa afya ni za waridi, isipokuwa kwa mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili. Zikibonyezwa kwa kidole hugeuka nyeupe na kurudia rangi yake ndani ya sekunde 2 hivi. Joto la mwili wake, likipimwa njia ya haja kubwa akiwa ametulia kivulini, huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Likipita 39.5 ana homa, na likifika 40 suala si la ngozi peke yake tena.

Yapo mambo machache yasiyosubiri hata saa moja. La kwanza ni uvimbe wa ghafla wa uso, midomo au kope, mara nyingi baada ya kuumwa na nyuki au nyigu, au baada ya sindano. Uvimbe wenyewe, pamoja na vinundu vinavyotokea mwilini na kuinua manyoya, mara nyingi hupungua ndani ya siku moja. Kinachotisha ni dalili zinazoweza kufuatana nao: kupumua kwa shida, kutapika, kuharisha, fizi kupauka, kuyumba na kuanguka. Mbwa huyo anaweza kufa muda mfupi baadaye, na hakuna dawa ya nyumbani itakayomwokoa. La pili ni uvimbe wenye maumivu makali kwenye pua au mguu wa mbwa aliyekuwa akinusa vichakani. Hiyo ndiyo sura ya kuumwa na kifutu, nyoka ambaye sumu yake huozesha nyama kuzunguka jeraha. Kukata, kunyonya au kufunga kamba huongeza madhara. Kinachosaidia ni kumbeba mbwa bila kumtembeza na kumfikisha kwa daktari. La tatu ni kuungua, hasa kwa maji au mafuta ya moto. Manyoya huficha jeraha, na ngozi inayoonekana nzima leo huweza kubanduka siku chache baadaye.

Jeraha la kung'atwa linastahili nafasi yake, kwa sababu ndilo tatizo la ngozi la mbwa linaloweza kumuua mwenye mbwa. Juu huonekana tundu dogo tu la jino, lakini chini yake misuli huwa imechanika na uchafu umezikwa ndani, na baada ya siku 2 au 3 hugeuka jipu. Hilo peke yake linatosha kumpeleka mbwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, aliyemng'ata akiwa mbwa asiyejulikana, bweha, fisi au mnyama mwingine wa porini, ni lazima kichaa cha mbwa kifikiriwe. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji mengi, mikono ikiwa na glavu. Mbwa aliyekwisha chanjwa huongezewa chanjo mara moja, na asiyechanjwa huripotiwa kwa ofisi ya mifugo ili iamue atengwe vipi. Mtu aliyeng'atwa au aliyekwaruzwa, au ambaye mate ya mnyama huyo yamegusa kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo, kwa kuwa dalili za ugonjwa huu zikishaanza karibu hakuna anayepona. Iko pia dalili ya ngozi ambayo wengi hawaifahamu: mbwa aliyeng'atwa wiki au miezi iliyopita anaanza kulitafuna kovu lake bila kukoma, huku tabia yake ikibadilika. Huyo asiguswe wala asifunguliwe mdomo. Afungiwe na mamlaka ziitwe.

Baada ya hayo zinakuja hali zisizopaswa kulala hadi kesho. Katika nchi zenye kupe wengi, inayosahaulika zaidi ni ile ya vitone na michubuko. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayestawi hata ndani ya nyumba na nyufa za kibanda, hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, ambaye hupunguza chembe zinazogandisha damu. Matokeo yake huonekana kwenye ngozi ya tumbo na ndani ya mdomo kama vitone vyekundu au mabaka ya zambarau. Kuna kipimo rahisi: kitone kikibonyezwa kwa kipande cha kioo au glasi safi, wekundu wa kawaida wa muwasho hufifia, lakini damu iliyovuja chini ya ngozi haifutiki. Mbwa mwenye vitone visivyofifia, au anayetoka damu puani, au mwenye fizi nyeupe na mkojo wa rangi ya kahawa, ambao huashiria babesia, vimelea wengine waenezwao na kupe, anahitaji kupimwa damu siku hiyo. Ugonjwa wa Ehrlichia ukitibiwa mapema kwa antibiotiki sahihi hupona vizuri. Ukiachwa hadi uboho wa mifupa uzorote, uwezekano wa kupona ni mdogo.

Mabuu ya nzi kwenye kidonda ni ya siku hiyo pia. Nzi hutaga kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, kinyesi au usaha, hasa kwa mbwa mzee asiyeweza kusimama, na mabuu huchimba chini ya ngozi inayoonekana nzima. Hali kadhalika mtoto wa mbwa mwenye viroboto wengi na fizi zilizopauka: damu inayonyonywa inaweza kumuua, na kumpaka dawa ya mbwa mkubwa ni kumwongezea hatari. Uvimbe wenye moto na usaha, ngozi iliyoanza kuwa nyeusi na baridi, na kidonda chochote kinachoambatana na homa au kukataa chakula, vyote viko katika daraja hili.

Daraja la wiki hii ndilo pana zaidi, na ndilo lenye uamuzi mgumu, kwa sababu mbwa haonekani mgonjwa sana. Upele ndio unaoongoza. Husababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, Sarcoptes scabiei, anayechimba vijia ndani ya ngozi. Huanzia mahali penye manyoya machache: kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na chini ya kifua. Muwasho wake hauna kifani. Mbwa hukatiza kula ili ajikune, huamka usiku, hujisugua ukutani hadi damu itoke. Lipo jaribio analoweza kulifanya mtu yeyote. Ukingo wa sikio hukunjwa juu ya sikio lenyewe na kusuguliwa kwa vidole kwa sekunde chache. Mbwa mwenye upele, mara nyingi, ataanza kuchapa mguu wa nyuma hewani kana kwamba anajikuna mwenyewe. Jaribio hili halithibitishi ugonjwa, lakini likijibu, safari ya daktari haina haja ya kujadiliwa. Wadudu hao huhamia kwa mbwa wengine kwa urahisi, hivyo mbwa wote wa nyumba hutibiwa pamoja hata wasiojikuna. Kwa binadamu huleta vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Hawawezi kuendeleza kizazi juu ya ngozi ya mtu, na vipele huisha baada ya mbwa kutibiwa, lakini watoto wanaomkumbatia mbwa huyo hawapaswi kuachwa wajikune kwa mwezi mzima wakati dawa zipo.

Choa nacho huambukiza watu. Huanza kama kibaka cha mviringo, manyoya yamekatika, ngozi ina magamba, na mara nyingi hakiwashi sana. Mashaka huongezeka pale mtoto wa nyumba hiyo anapokuwa na mapunye kichwani au kibaka cha mviringo mkononi. Kwa mbwa, hata hivyo, si kila mviringo ni choa. Bakteria waishio kwenye ngozi yake, hasa Staphylococcus pseudintermedius, huacha duara lenye magamba pembezoni linalofanana nacho sana. Kumpaka dawa ya fangasi mbwa mwenye bakteria ni kupoteza wiki kadhaa.

Uvimbe hupimwa kwa ukubwa na muda. Mbwa wengi wazee hupata vinundu vya mafuta visivyo na madhara, vilaini na vinavyosogea chini ya ngozi, lakini hakuna kidole kinachoweza kuhakikisha kwamba kinundu ni cha mafuta. Kanuni inayofuatwa na madaktari wengi ni kwamba uvimbe uliofika sentimita 1, au uliokaa mwezi 1, uchomwe sindano nyembamba na chembe zake zitazamwe kwa hadubini. Unaokua haraka, unaochanika, au unaovimba na kunywea siku hadi siku usingoje hata mwezi huo. Hiyo ya mwisho ni tabia ya saratani moja ya ngozi iliyo ya kawaida kwa mbwa. Kunyonyoka manyoya pande zote mbili kwa usawa bila kuwasha, kwa mbwa wa makamo anayenenepa na kuzubaa, huelekeza kwenye tezi ya shingo. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi, ana tumbo lililoshuka na ngozi nyembamba, hufikiriwa homoni za tezi za juu ya figo. Hapo hakuna haraka ya saa, lakini hakuna shampuu itakayosaidia.

Kisha kuna mzio, ambao huwachosha wenye mbwa kuliko ugonjwa mwingine wowote. Mbwa kati ya miezi 6 na miaka 3 anaanza kulamba nyayo, kusugua uso, kutikisa masikio na kujikuna kwapani na kinenani. Hupona, kisha hurudia. Muwasho uliokaa wiki 2 au zaidi, au unaorudi kila dawa inapoisha, unahitaji daktari hata kama ngozi bado ni safi, kwa sababu kila mwezi wa kujikuna huinenepesha na kuifanya nyeusi, na fangasi wa mafuta huingia wakiwa na harufu nzito iliyochacha. Masikio yahesabiwe ndani ya suala hili. Ngozi ya ndani ya sikio ni ngozi ileile, na sikio linalonuka, linalouma au linalomfanya mbwa ainamishe kichwa upande mmoja lisitiwe mafuta wala dawa yoyote kabla ngoma yake haijaangaliwa.

Mengi hayahitaji safari. Viroboto wachache kwa mbwa mkubwa mwenye nguvu ni kazi ya nyumbani. Kuwapo kwao huthibitishwa kwa kumchana mbwa kwa kitana chembamba juu ya mkia na kukung'uta kinachotoka kwenye kitambaa cheupe kilicholowa: chembe nyeusi zikiacha alama ya wekundu, ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokauka. Viroboto wazima juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya kizazi; mayai, mabuu na vifukofuko viko kwenye matandiko, nyufa na vumbi la kibandani. Anayempaka mbwa dawa bila kufagia, kufua na kuanika matandiko juani ataona viroboto wapya baada ya wiki 2 na kudhani dawa imeshindwa. Matibabu huhitaji kuendelea kwa takriban miezi 3. Kupe mmoja mmoja hung'olewa kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, na kinundu kidogo kinachobaki kwa wiki moja au mbili ni cha kawaida. Vidonda vyeusi kwenye ncha za masikio yaliyosimama, visivyo na muwasho mahali pengine, kwa kawaida ni kazi ya nzi wanaouma. Huhitaji usafi wa kibanda na dawa ya kufukuza nzi iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Tofauti na upele iko hapo: nzi hula ncha, upele huanzia kwenye kingo na hauishii masikioni.

Jipu dogo lenye tundu katikati na kitu kinachosogea ndani yake ni buu la yule nzi anayefanya nguo zipigwe pasi kabla hazijavaliwa. Hutaga kwenye mchanga wenye mkojo, na buu huingia ngozini mwa mbwa anayelala hapo, likakaa siku 8 hadi 12. Moja au mawili huweza kutolewa nyumbani: tundu hufunikwa kwa vaselini hadi buu lisogee juu kutafuta hewa, kisha hubanwa taratibu kutoka pembeni, kwa glavu, bila kulipasua. Yakiwa mengi, au mbwa akiwa mtoto, ni kazi ya daktari. Funza wa miguuni hufuata kanuni hiyo hiyo: wachache hutolewa kwa sindano iliyochemshwa, lakini mbwa anayechechemea au mwenye nyayo zilizopasuka anahitaji msaada, na watu wa nyumba hiyo wakaguliwe miguu. Kibaka kimoja cha kipara kwa mtoto wa mbwa, kisichowasha, huweza kuwa cha wadudu wa Demodex aliowapata kwa mama yake siku za kwanza za maisha. Mara nyingi hupona chenyewe. Kikiongezeka au kikitoa usaha, subira imekwisha.

Madhara makubwa zaidi hutokana na dawa zinazotumiwa wakati wa kusubiri. Oili chafu ya gari, inayopakwa mbwa wenye upele toka Mombasa hadi Mbeya, huunguza ngozi na humezwa mbwa anapojilamba. Mafuta ya taa vivyo hivyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi humlevya mbwa na kupunguza mapigo ya moyo ikichanganywa kwa kukisia. Sindano ya ivermektini ya asilimia 1 imetengenezwa kwa kipimo cha mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Anayemdunga mbwa wa kilo 10 mililita nzima anampa mara 5 ya kiwango hicho. Mbwa wa jamii ya koli, na machotara wao, wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na hupofuka, huyumba na kuzimia. Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge vilivyo karibu kila nyumba, hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa. Krimu na sindano za steroidi zina ubaya wa aina yake: hupunguza muwasho wa karibu kila ugonjwa, hivyo huonekana zimefaulu, huku Demodex na fangasi wakistawi chini yake. Mbwa aliyekwisha pewa chochote kati ya hivi na akaanza kutapika, kutetemeka au kulala usingizi mzito, apelekwe saa hiyo pamoja na chupa yenyewe.

La salama wakati wa kusubiri ni dogo: kunyoa manyoya yaliyogandana, kuosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo au kwa shampuu ya mbwa yenye klorheksidini iliyoachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa, kumvisha kola ya kuzuia kulamba, na kupiga picha ya kidonda kila siku kando ya rula. Picha hizo hutatua ubishi wa kama kimekua.

Mahali pa kumpeleka ni kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Tanzania husimamia taaluma hiyo kupitia Baraza la Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2003, na Kenya kupitia bodi yake chini ya sheria ya mwaka 2011. Hospitali za kufundishia, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, hupokea pia wanyama wa watu. Panapokosekana daktari, afisa mifugo anaweza kukwangua ngozi na kuituma maabara. Mbwa asiogeshwe siku 2 au 3 kabla, kwa kuwa maji huondoa ushahidi. Majina ya dawa alizopewa, chakula chake, tarehe muwasho ulipoanza na nani mwingine anajikuna, yote yaandikwe.

Muuzaji wa dawa au mtaalamu anayechoma sindano bila kukwangua ngozi, bila kugusa kitana wala kuuliza swali, hajachunguza kitu, na mwenye mbwa ana haki ya kuomba uchunguzi. Kukwangua kwa kisu hadi damu ichomoze kidogo huchukua dakika chache. Kutopata mdudu wa upele hakumaanishi hayupo, kwani hujificha, na daktari mwangalifu humtibu mbwa kwa majaribio pale dalili zinapoelekeza huko. Mzio wa chakula hauna kipimo cha damu cha kutegemewa. Huthibitishwa kwa kumlisha mbwa aina moja ya nyama na wanga asiyoizoea kwa wiki 8, bila mabaki ya mezani, kisha kumrudishia chakula cha zamani. Antibiotiki huliwa hadi daktari aone ngozi imepona, si hadi usaha ukauke, na mbwa ambaye hajapata nafuu baada ya wiki 2 za dawa arudishwe akafanyiwe kipimo cha kuotesha bakteria, kwa kuwa wapo sasa waliokwisha kuzoea dawa nyingi. Mzio wa mazingira hauponi. Hutulizwa maisha yote, na ratiba yake ya kurudi kliniki hupangwa kwa majira ambayo mbwa huyo huzidiwa.